Boksi Ambalo Hakuna Aliyelifungua

Ukitaka kumuudhi Bi Alida Verret, mletee kitu kilichokwisha kufunguliwa.

Asubuhi ya Jumatatu, siku ya nne baada ya kimbunga, alikuwa amesimama nyuma ya meza ya kuchambulia vitu katika bohari la misaada, jengo lililokuwa zamani kiwanda cha barafu ukingoni mwa Bayou Cassine, mto wa maji mazito unaotambaa polepole kuelekea baharini. Mbele yake palikuwa na mlima wa huruma za watu wa mbali. Makoti ya manyoya, na jua la Septemba linachoma mpaka lami inanata. Viatu vya visigino virefu, sijui vya kutembelea tope gani. Vazi la mtoto la kujifanya jini. Na ndani ya mfuko mmoja, pakiti ya tambi iliyochanwa mdomo na kupungua nusu.

"Huyu alishiba kwanza, ndipo akatukumbuka," alisema Bi Alida, akiishika pakiti kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Ferrel! Njoo ukaitupe."

"Lakini Bi Alida, tambi bado nzima," alisema Bwana Harlan, mkuu wa bohari. Alikuwa mgeni, mtu wa kanisa fulani la kaskazini, mpole, uso umeiva kwa jua. "Imefunguliwa tu."

"Ndiyo. Imefunguliwa tu. Hapa hatuli makombo, Bwana Harlan."

Bwana Harlan akacheka, akidhani anataniwa. Hakuwa anataniwa. Watu wa Bayou Cassine wana mambo yao, na hili ni moja: kitu ukikifungua kimekuwa chako. Ukitaka kumpa mwenzio, mpe kikiwa kizima, na utepe wake, na kamba yake. Kumpa mtu kilichofunguliwa ni kumwambia, mimi nimekwisha kula, wewe lamba. Alida alifunzwa hilo akiwa na miaka saba, siku alipotumwa kupeleka mfuko wa njugu kwa jirani akaufungua njiani ale mbili. Mama yake alimzaba kofi, akamlazimisha kula mfuko mzima mpaka akatapika, kisha akanunua mwingine wa kumpelekea jirani. Tangu siku hiyo Alida hali njugu, na hampi mtu kilichofunguliwa.

Alikuwa na miaka sitini na sita. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa zaidi ya miaka hamsini ya kumenya kamba wa kuuza, kazi aliyoianza kabla hajaota meno yote ya utu uzima. Akimtazama mtu mara moja tu alijua avae fulana ya ukubwa gani, na hakukosea hata kwa wanaume wanaovuta tumbo ndani. Mumewe alikuwa amekufa zamani, watoto hakujaliwa, lakini nusu ya vijana wa bayou alikuwa amewashika siku ya ubatizo, na wote humwita Nanan. Huyo Ferrel Pellegrin, mvunaji wa chaza mwenye boti ya chini bapa iliyokuwa ikipeleka misaada kule barabara ilikokatika, alikuwa mmoja wao. Mdomo wake haukujua kulala. Ukimwambia Ferrel jambo asubuhi, jioni utasimuliwa wewe mwenyewe, tena likiwa na chumvi.

Na nyumba ya Bi Alida? Nguzo zilikuwa zimesimama. Paa lilikuwa limekwenda zake, na hakuna aliyeliona likipita. Alilala ndani ya gari lake nyuma ya bohari. Kila siku Bwana Harlan alimuuliza anahitaji nini, na kila siku alijibiwa neno lile lile.

"Waulize wenye shida."

Ndilo walilolisema wote. Mzee Clovis Naquin, ambaye nyumba yake ilikuwa imelala ubavu kama mlevi, alikuja kila asubuhi kuuliza kama kuna mzigo wa kubeba. Alipopewa turubai aliangalia huku na huku na kusema, "Mpe mwenye shida." Miaka themanini na moja, analala chini ya boti iliyopinduka, mwenye shida ni mwingine! Basi ukazuka mtindo, hakuna aliyeutunga. Boksi la chakula liliandikwa jina la mtu ubavuni kwa wino mzito. Yule mtu akilipata, na akamfikiria aliye taabani kuliko yeye, alikata jina lake kwa mstari na kuandika la huyo chini yake, akamrudishia Ferrel kalamu. Ferrel alilalamika kwamba amekuwa mtu wa kuzungusha maboksi yale yale kama mwehu. Watu walicheka. Hata Bi Alida alicheka, na hilo ndilo linalomuuma mpaka leo.

Kwa maana Jumatatu hiyo hiyo, mchana, alifungasha boksi la kaka yake.

Ulysse Verret alikuwa mkubwa wake kwa miaka mitano, nahodha wa boti ya kamba aliyoiita Merline, jina la mama yao. Kimbunga kilipotangazwa alifanya kama baba yake na babu yake walivyofanya: aliipeleka boti ndani kabisa, kwenye kona iliyojificha, akaifunga kwenye miti na kulala humo humo. Alida alimsihi waondoke pamoja. Walipigiana kelele gatini mbele za watu. "Ukinifuata nitakutupa majini," Ulysse alimwambia, "na usinitumie chochote, mimi si ombaomba." Walioona upepo ukipita walisema Merline imesalimika na mwenyewe kasalimika. Sawa. Lakini Ulysse alikuwa na sukari.

Hiyo ilikuwa siri yake na dada yake. Miaka sita alikuwa akijidunga insulini chooni, mlango umefungwa, kwa kuamini kwamba nahodha mgonjwa hapati mabaharia. Alimwapisha Alida juu ya kaburi la mama yao. Lilikuwa jambo la kuchekesha kidogo, kwa sababu Leona Guidry, mwalimu mstaafu anayeishi kona moja na pale Merline ilipofungwa, alikuwa na ugonjwa huo huo na alijidunga mchana kweupe, hata kwenye karamu za kanisa, huku akiagiza aongezewe keki. Ulysse alikuwa akigeuza uso. Safari hii Leona hakuwapo hata wa kumshauri, Alida alivyojua, maana binti yake alikuwa amesema anamchukua kwenda Texas kabla ya upepo.

Alida alijua hesabu ya dawa za kaka yake kuliko mwenyewe. Zingekwisha Jumapili. Simu zilikuwa zimekufa, daraja limeanguka, na boti ya Ferrel ilikuwa na nafasi ya mizigo tu. Jumapili hiyo alikuwa amempata nesi wa hema la tiba, akamweleza kwa kunong'ona, akapewa vichupa viwili vipya. Sasa angevipelekaje bila Ferrel kujua, na bila yule mkaidi kuvirusha majini kwa kuona amedhalilishwa mbele ya Ferrel?

Akapata hila. Alichukua kopo la kahawa, akamimina kahawa yote, akaweka vichupa ndani ya mfuko wenye barafu, akafunika na kuzungusha utepe mara tatu. Kisha akalichimbia kopo chini ya mchele na maharagwe mekundu, akafunga boksi, akaandika ULYSSE. Mchele angeweza kuugawa. Maharagwe angeweza kuyagawa. Lakini hajazaliwa Verret wa kugawa kahawa. Angelifungua boksi, angeona kopo, angelivamia kabla hajafunga mdomo. Alida alijiona mjanja mpaka akapiga mluzi.

"Mpe mkononi mwake," alimwambia Ferrel. "Sio jirani, sio gatini. Mkononi."

"Nanan, umeweka dhahabu?"

"Nimeweka maharagwe. Yatakufaa nini wewe, mdomo wako umejaa maneno?"

Jioni Ferrel alirudi. "Nimempa, Nanan. Mkononi."

"Akasemaje?"

"Akashukuru. Akauliza unakula vizuri. Nikamwambia unakula watu."

Alida akalala ndani ya gari lake siku hiyo kwa amani, miguu ikitoka dirishani. Jumanne aliuliza tena, na Jumatano. Ferrel alisema kamwona Ulysse kwa mbali, yu mzima, anashona nyavu. Alhamisi boti ilipelekwa upande mwingine wa bayou, Ijumaa pia. Alida hakuwa na wasiwasi. Vichupa viwili ni zaidi ya mwezi.

Jumamosi asubuhi Mzee Clovis akaingia bohari na boksi begani. Alikuwa anatabasamu kwa meno yote manne.

"Alida, kaa chini."

"Sikai, nina kazi."

"Kaa chini, mwanamke. Leo na wewe umepewa."

Watu waliokuwa wakipanga maji na nepi wakaacha kazi. Mmoja akapiga makofi, wote wakafuata. Wiki nzima mwanamke yule alikuwa akigawa na hajachukua hata sabuni, na bayou nzima ilijua analala wapi. Bwana Harlan alitoka ofisini kwake akiwa na furaha kuliko yeyote. Alida akaona aibu, uso ukamwiva, akasema maneno yake ya kawaida kwamba wampe mwenye shida. Clovis akaweka boksi mezani kwa kishindo.

"Jina lako limekaa mwisho, na nafasi ya kuandika imekwisha. Utaliandika lingine wapi? Kwenye paji la uso wangu?"

Kicheko kikajaa jengo. Alida naye akacheka, akavaa miwani ili asome alikotoka wema huu.

Chini kabisa, kwa mkono wa Clovis unaotetemeka: Alida. Juu yake Clovis, limekatwa, kwa herufi za mtoto. "Hawa ni watoto wa Bergeron," alisema Alida. "Kumbe wanajua kuandika, siku zote mama yao analia." Juu yake Bergeron, limekatwa, na hapo akapiga ukelele, kwa sababu mwandiko ule wa kulala kidogo kulia, wenye B yenye mkia, ulikuwa wa mtu mmoja tu chini ya jua. Ndiye aliyewafunza nusu yao kushika kalamu.

"Leona! Leona hakuondoka! Tazameni, yu hai!"

"Nilikwambia hawezi kuiacha ile nyumba yake," alisema Clovis. "Mimi nilidhani unajua, Nanan," alisema Ferrel.

Kila jina lilikuwa habari njema. Alida alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, kidole kinapanda. Juu ya Bergeron lilikuwa Leona, limekatwa, kwa herufi kubwa zilizopinda kama ndoana. Alizijua herufi zile. Kidole kikasimama. Kisha kikapanda tena, polepole, mpaka kwenye jina la kwanza kabisa, lililokatwa kwa mstari mmoja ulionyooka.

ULYSSE. Kwa mwandiko wake yeye mwenyewe.

Alichukua kisu akachana utepe. Akaondoa mchele. Akaondoa maharagwe. Kopo lilikuwa pale pale alipoliweka, na utepe wake umezunguka mara tatu. Alilifungua, na ndani mlikuwa na maji ya vuguvugu, na vichupa viwili vimelala ndani ya mfuko, vifuniko vyake havijaguswa.

Makofi yalikuwa yamekwisha.

"Ferrel," alisema Bi Alida. Sauti yake ilikuwa ndogo, na watu wakaogopa, kwa kuwa hawakuwahi kuisikia ikiwa ndogo. "Boksi hili ulimpa Ulysse?"

"Nilimpa, Nanan. Mkononi, kama ulivyosema."

"Akafanya nini?"

"Akaniomba kalamu."

"Na hukuniambia?"

"Nanan, kila mtu ananiomba kalamu!"

Alida alishika ukingo wa meza. Siku sita. Alijua mtu huwaje siku sita bila dawa katika joto lile. Nesi alimweleza, na yeye alijibu kwa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za nchi nyingine. Na ajabu ni kwamba hakuwa na wa kumlaumu. Ulysse angetoa boksi bila kulifungua, bila shaka! Ukishalifungua huwezi kulitoa. Yeye Alida, ambaye kwa wiki nzima alikuwa akitupa pakiti zilizochanwa na kuwahutubia wageni juu ya makombo, ndiye aliyesahau.

"Kaka yangu ana sukari," alisema kwa sauti, mbele ya wote, na kaburi la mama yake limsamehe. "Hii ndiyo dawa yake. Miaka sita ana sukari na mimi nimeficha."

Hakuna aliyeshtuka. Hilo likamshtua yeye.

"Tunajua," alisema Mzee Clovis, akitazama viatu vyake.

"Mnajua nini?"

"Sukari ya Ulysse. Tangu mwaka ule alipoanguka siku ya kubariki maboti, padri akadhani ni roho mtakatifu. Tumejua siku zote, Alida. Tulinyamaza tu, maana yeye hakutaka tujue."

Bayou nzima ilikuwa ikimtunzia Ulysse siri aliyoificha bayou nzima. Kumbe Alida angeandika tu neno dawa ubavuni mwa boksi, kwa wino ule ule mzito, lisingetoka mkononi mwa kaka yake.

Nesi aliwapa vichupa vingine vyenye barafu mpya, na Bwana Harlan alishusha mizigo yote kutoka kwenye boti kwa mikono yake mwenyewe. Ferrel alipiga injini. Kwa mara ya kwanza tangu abatizwe alikaa saa nzima bila kusema. Maji ya bayou yalikuwa na rangi ya chai, yamejaa mafriji yaliyolala chali na ngazi za nyumba ambazo hazikupanda popote tena. Alida alikaa mbele na kasha la barafu mapajani. Alianza rozari, akaipoteza hesabu, akaanza upya, akaipoteza. Alikuwa akimwambia Mungu mambo mengine kabisa. Alimwambia kwamba akimkuta Ulysse mzima atamuua.

Walipokata kona waliona milingoti ya Merline, nyavu za kijani zikining'inia. Na sitahani, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mzee mwenye kofia iliyofifia, sindano ya nyavu mkononi, aliinua kichwa.

"Nani kafa?" alipaza sauti Ulysse. "Mbona mmekuja na uso wa mazishi?"

Ferrel ndiye aliyempandisha Alida kwenye Merline. Akasimama mbele ya kaka yake, akamtazama: macho maangavu, mkono hautetemeki, shati chafu. Akamzaba kofi. Kisha akamkumbatia shingoni mpaka kofia ikaanguka.

"Umerukwa na akili, Lida?"

"Umepata wapi dawa?"

Ulysse alimtupia jicho Ferrel. "Dawa gani?"

"Bayou nzima inajua, mpumbavu we! Hata kamba wanajua! Umepata wapi?"

Ulysse akatazama upande. Akaokota kofia, akaipangusa, akaivaa vizuri. Ndipo akasema kwamba Jumatatu alipopata lile boksi alimkumbuka Leona, peke yake kwenye nyumba ile na binti hakutokea, akamwandika jina, Ferrel akapeleka. Yeye dawa zilikuwa zimekwisha jana yake, lakini alijiambia mtu akila kidogo atavumilia. Jumanne Leona alikuja kwa mtumbwi wake, akipiga kasia mwenyewe na gauni la maua. Alimkuta amekaa anatetemeka, midomo imekauka.

"Hakuniuliza kitu," alisema Ulysse. "Kaweka kichupa hapa sitahani. Kasema, 'Umenipa boksi, Ulysse, siwezi kukaa mkono mtupu.' Nikakataa. Kanikaripia kama mtoto wa darasa la pili. Basi nikapokea. Na kipya, Lida. Hakijafunguliwa."

"Na yeye?"

"Kasema kwake kipo kingine."

Pale sitahani jua lilikuwa kali, na Alida alihisi baridi ikimpanda kutoka nyayoni. Wiki nzima alikuwa akichambua vitu vya kutolewa. Alijua, kama ajuavyo vidole vyake, mtu wa Bayou Cassine mwenye vichupa viwili, kimoja kizima na kimoja kilichofunguliwa, anatoa kipi.

"Kingine kipi, Ulysse?" aliuliza. "Ulikiona?"

Ulysse akaanza kushuka kwenye boti ya Ferrel kabla hajaambiwa.

Nyumba ya Leona Guidry haikuwa mbali. Ilikuwa imesimama juu ya nguzo zake, imepoteza kibaraza kimoja kati ya viwili, na mtumbwi ulikuwa umefungwa vizuri, kwa fundo zuri, kama kila kitu alichokifanya. Alida aliita akiwa bado botini. Aliita tena kwenye ngazi. Leona alikuwa kibarazani kwenye kiti chake cha kubembea, amegeukia bayou, kipande cha boksi alichokuwa akijipepea nacho kimelala mapajani. Mtu angeapa kwamba anasinzia. Nzi ndio waliosema kweli.

Juu ya meza ndogo palikuwa na bomba la sindano, na kando yake kichupa kilichofunguliwa. Alida alikiinua juani. Kilikuwa kikavu.

Ferrel alivua kofia yake. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu na alilia kwa sauti kama mtoto, kwa kuwa ni Leona aliyemfunza kusoma, na yeye ndiye aliyemletea lile boksi Jumatatu jioni na kumpa kalamu. Alimwona akiandika Bergeron. Alimwona akilitingisha kidogo sikioni kabla ya kulirudisha, akacheka, akasema, "Mna kahawa humu, naisikia. Wapeleke upesi kabla sijabadili mawazo." Boksi lilikuwa mikononi mwa Leona. Dawa ya zaidi ya mwezi ilikuwa mikononi mwake, na kati yake na yeye palikuwa na utepe tu.

Ulysse alikuwa amekaa kwenye ngazi, mgongo kwa nyumba.

"Kanipa kizima," alisema, akiuambia mto. "Kabaki na makombo."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba kifo chaweza kumpita mlangoni na kuingia kwa jirani, yule asiyeficha chochote.

Walimzika Leona siku mbili baadaye, kanisani hamna paa. Binti yake alifika kutoka Texas. Gari lake lilikuwa limekwama njiani siku ya upepo, na kwa siku zote zile aliamini mama yake ameondoka na majirani. Gumbo, mchuzi mzito wa kwao, ilipikwa kwa vyakula vya bohari, na watu walikula wakiwa wamesimama, hawatazamani. Mama Bergeron aliuliza mara tatu, kila mara kwa mtu mwingine, kama kweli boksi lilikuwa lile lile. Watoto wake watano walikuwa wamelala njaa siku ile kwa ajili ya Mzee Clovis. Alida alijaribu kumjibu akashindwa. Mshtuko una tabia mbaya: hauji mara moja ukaisha. Unaondoka, unazunguka nyumba, unarudi kwa mlango wa nyuma.

Jumatano alirudi bohari. Ulysse alikuja naye. Alikaa mwisho wa meza akifunga maboksi, na saa sita mchana alikunja shati mbele ya watu wote akajidunga tumboni. Hakuna aliyegeuza uso.

Ndipo Mzee Clovis alipoingia, kama kila siku, kuuliza kama kuna mzigo. Alida alichukua boksi lenye mchele, samaki wa kopo, kahawa, taa na turubai la buluu. Akalisukuma mbele yake.

"Lako."

"Mpe mwenye shida, Alida."

Alida alichukua kisu. Akachana utepe upande wa juu, akachana wa chini, akararua mfuniko mmoja ukabaki unaning'inia. Akatoa pakiti ya mchele akaichana mdomo, akamimina punje chache kiganjani, akazitia kinywani mbichi hivyo hivyo na kuzitafuna, macho yamemkazia mzee. Akatwaa kopo la kahawa, akafungua, akachota kijiko. Bwana Harlan alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Mzee Clovis alikuwa amepigwa na butwaa. Miaka themanini na moja hajafanyiwa jambo kama lile.

"Sasa ni makombo," alisema Bi Alida, akitafuna, machozi yanamtiririka. "Humpi mtu. Huwezi. Beba uende ukale."

Mzee alisimama. Alitazama boksi lililoraruka, akatazama watu, akamtazama Ulysse, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa. Mwishowe aliweka mikono chini yake ili vitu visimwagike, akalibeba kifuani, akatoka.

Mpaka bohari lilipofungwa, wiki ya kwanza ya Desemba, hakuna boksi lililoondoka pale na utepe wake. Bi Alida alisimama mlangoni na kisu, akayafungua yote kwa mkono wake mwenyewe.